Friji Linalopona Fundi Akija

Jumatatu, 11 Machi

Mvua tena. Nimefua nepi za Gasto asubuhi, za jana bado mbichi kwenye kamba. Nimezitandaza nyuma ya friji kama kawaida. Pale kwenye nondo nyeusi kuna joto zuri, zinakauka haraka kuliko juani. Tumetenganisha duka na chumba kwa pazia tu, na friji limesimama hapo hapo penye pazia. Uso wake uko dukani, mgongo chumbani kwetu. Nimeuza mkate, sukari ya kupima, sabuni ya kipande.

Mchana kijana mmoja wa bodaboda kachukua soda, kashika chupa, karudisha. Anasema dada, hii ya moto. Nikaingiza mkono mwenyewe. Kweli. Taa ya ndani inawaka vizuri tu.

Gasto kaanza kukaa mwenyewe. Anakaa kama mzee wa baraza, halafu anaanguka kwa upande polepole. Halii, anashangaa tu.

Jumanne, 12 Machi

Maziwa ya Mama Shija yamechachuka. Mama Shija ni jirani, Msukuma. Mume wake ana ng'ombe huko chini na yeye analeta maziwa hapa kwangu, mimi namwekea kwenye friji na kumuuzia. Hakununa. Amesema tutayagandisha. Lakini niliona alivyoyatazama.

Aibu. Mali ya mtu.

Mume wangu Deo amerudi na matope mpaka magotini, wanajenga nyumba kule nyuma ya soko na mvua inawarudisha kila siku. Nimemwambia kuhusu friji. Ameinama kukwangua matope. Mimi najua anawaza nini, na yeye anajua najua. Mama yake yuko kijijini Msanzi, anataka niende kumsaidia shamba. Mwaka jana nilikuwa na mimba, hakunisumbua. Sasa Deo amemwambia mama yake kwamba duka likiwa linaenda nabaki hapa Chanji, likisimama naenda Msanzi na mtoto, kuvuna maharage na kukaa huko. Duka bila soda na maziwa si duka. Sukari kila mtu anauza.

Simchukii mama mkwe. Ananipenda. Lakini Deo kazi yake iko mjini. Tutakuwa yeye huku, sisi kule, na Gasto atamjua baba yake kwa simu. Mimi nilikua hivyo. Sitaki.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeanza na waya. Nimechomoa, nimechomeka. Nimechomeka pasi pale pale ukutani, imepata moto. Kwa hiyo umeme upo.

Nimezungusha kile kitufe cha baridi mpaka mwisho. Hakuna tofauti.

Raba ya mlango. Nimeisugua kwa sabuni na mswaki wa zamani, umetoka weusi wa miaka. Nimebana karatasi kwenye mlango nikaivuta, inashika. Kwa hiyo baridi haipotelei hapo.

Halafu nimekaa namnyonyesha Gasto na kusikiliza tu. Linanguruma. Linanguruma kwa shida, kama mtu amebeba gunia. Kisha tik. Kimya. Kimya kirefu. Linajaribu tena kidogo, tik. Kimya. Taa inawaka muda wote, ndiyo maana sikujua. Kumbe taa inanidanganya.

Asubuhi nikiamka soda ni baridi kabisa. Ikifika saa tano, za moto. Hili sielewi.

Ijumaa, 15 Machi

Nimempigia fundi Ambokile, yule wa friji na redio karibu na stendi. Mtu wa Mbeya, mcheshi. Amesema anakuja sasa hivi. Nikakimbia kupanga chumba maana mgongo wa friji uko chumbani na yeye atapita huko. Nimetandika kitanda, nimeondoa nepi zote, nimefagia. Mwanamume mgeni akute nepi zimetandazwa nyuma ya friji la soda? Aende akaseme mjini mama Gasto anauzia watu vinywaji na nepi? Hapana.

Kaja na mkoba wake. Kakuta friji linanguruma vizuri. Kaweka testa, kasikiliza, kagusa. Kasema motor ina joto kidogo ila inapiga kazi. Amekaa muda mrefu anakunywa chai yangu na halikukata hata mara moja. Soda zikaanza kupoa mbele ya macho yetu.

Amesema labda umeme ulikuwa mdogo. Kaondoka.

Nilifurahi. Nimetandaza nepi zangu, nimepika ugali wa ulezi na samaki wa moshi, mgebuka. Jioni soda za moto.

Jumapili, 17 Machi

Misa ya kwanza. Gasto kalala mahubiri yote. Leo sifui, Jumapili. Tumekaa tu. Deo kamnyoa Gasto nywele, kichwa kimekuwa kama yai.

Friji baridi kutwa nzima. Mama Shija kaleta maziwa kidogo kwa kujaribu, yamekaa vizuri.

Kwaresima watu wengi hapa wameacha soda, kwa hiyo kufungua mlango ni mara chache. Na Jumapili ndiyo zaidi. Nafikiri hiyo ndiyo sababu. Mlango. Wateja wanasimama wamefungua, wanachagua kama wanachagua mchumba.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeufunga mlango wa friji kwa kamba. Anayetaka soda aseme, nitafungua mimi, haraka. Watu wamenicheka. Mmoja kaniuliza kama nimefunga mbwa.

Kabla ya mchana, tik.

Basi si mlango. Nimelia kidogo, chumbani. Gasto kanitazama, akacheka, akidhani ni mchezo. Nikacheka na mimi.

Jumatano, 20 Machi

Ambokile mara ya pili. Nimempigia likiwa limezima kabisa, motor ya moto huwezi kugusa. Nimemwambia njoo upesi ulikute hivi hivi. Nikaondoa nepi, nikafagia, nikaweka maji ya chai. Anafika tu, ngrrr. Linawaka. Amesimama mlangoni na mkoba begani, anacheka.

"Mama Gasto, hili friji lako linanidharau."

Nikamwambia fundi, naapa lilikuwa limekufa.

"Ninyi Wafipa friji zenu zina mambo. Mimi Mnyakyusa, ya umeme nayaweza. Haya mengine mtafute mzee wenu wa tunguri."

"Mzee wetu akija atataka kuku. Wewe unataka chai tu."

"Kuku nakula pia, mimi sijaacha kitu Kwaresima."

Lakini alipomaliza kucheka akawa mkweli. Amesema motor za zamani hufanya hivyo zikikaribia kufa, mara inapiga, mara inagoma. Kama ni motor, heri kutafuta friji jingine lililotumika. Mimi sina hilo jingine.

Jioni kapiga simu Shangazi Yustina wa Kasense, shangazi wa Deo. Friji ni lake. Alikuwa na duka zamani, miguu ikamshinda, akaniazima friji nilipoolewa. Amesikia kwa watu kwamba haligandishi. Huyu mama habari humfikia kabla hazijatokea. Amesema Pasaka anakuja kutusalimia, na kama friji limekufa atatafuta gari alibebe, litamfaa kuwekea vyombo. Panya wamemsumbua sana kabatini.

Nimesema sawa Shangazi. Ningesema nini.

Friji la kuwekea sahani. Moyo umeniuma kama linakwenda kuzikwa.

Ijumaa, 22 Machi

Mama mkwe naye. Kapiga kwa Deo, nimesikia sauti yake ng'ambo ya pazia, anaongea Kifipa kwa haraka. Maharage yamezaa vizuri mwaka huu. Mjukuu wake hajamwona tangu alipozaliwa. Yote ni kweli.

Deo kaniambia Pasaka ikipita tutaamua. Hakunitazama. Baadaye usiku kaushika mguu wa Gasto aliyelala, kaushika muda mrefu. Na yeye hataki.

Soda za moto. Maziwa nimemwambia Mama Shija asilete.

Jumapili, 24 Machi. Matawi

Maandamano na matawi, mvua ikatuacha mpaka tukaingia kanisani ndipo ikamwaga. Gasto kala tawi lake.

Friji baridi kutwa. Mlango sikuufunga kamba, na watoto wamefungua hovyo. Bado baridi.

Jumapili baridi. Fundi akija, baridi. Asubuhi, baridi. Kama lina akili vile. Linajua siku ya Bwana na linaogopa wageni. Nimelitazama sana leo. Kuna kitu kinafanyika siku nyingine ambacho hakifanyiki Jumapili, na si wateja.

Jumatatu, 25 Machi

Nimejua.

Nimefua asubuhi, nimetandaza, nimefungua duka. Friji likakata kama kawaida yake. Gasto akajichafua mpaka mgongoni, nepi ya akiba sina, nikaenda nyuma ya friji nikazikusanya zote nichague iliyokauka. Nikakaa kitandani namfuta. Sikuzirudisha. Nimemvalisha, nimemnyonyesha, na hapo hapo nikasikia ngrrr. Limewaka lenyewe. Hakuna fundi, si Jumapili.

Nikatazama nondo zile. Tupu. Nikatazama nepi mapajani kwangu.

Nimezirudisha nepi zote, na ile kanga nzito. Nikasubiri. Nikauza mkate, nikauza kiberiti. Tik. Nikaenda nikatoa. Nikasubiri tena. Ngrrr. Nikarudisha. Tik.

Ni mimi.

Jumapili sifui. Fundi akija naziondoa kwa aibu. Usiku zimeshakauka na nimeshazikunja, ndiyo maana asubuhi ni baridi. Joto lile nililokuwa naliona la bure, nalipenda, namwekea mwanangu nepi za moto moto, ndilo friji linalolitoa ili ndani pawe baridi. Mimi nimelifunika blanketi halafu nalilaumu linahema.

Sijui nicheke au nilie. Nimecheka. Peke yangu, na Gasto kanisaidia.

Jumanne, 26 Machi

Nimemwambia Deo. Alikuwa anakula. Ameweka tonge chini, kaegemea ukuta, kacheka mpaka machozi. Nikamrushia mwiko. Halafu kainuka, kaenda nyuma ya friji na tochi ya simu. Ameniita. Nondo zote zimezibwa na vumbi na nyuzi, manyoya ya blanketi la Gasto, nyuzi za kanga, zimegandana kama pamba. Tumechomoa waya, tumesugua kwa brashi ya viatu mpaka nondo zikaonekana. Yeye anasugua, mimi namulika, mtoto mgongoni.

Nepi zimekaa ndani ya beseni, mbichi. Deo kafunga fito nne kwa kamba, katengeneza kitu kama tenga, tunaliweka barazani juu ya jiko la mkaa. Zinanuka moshi kidogo. Gasto sasa ananuka kama mgebuka. Hajali.

Friji linanguruma mpaka sasa. Kesho namwambia Mama Shija alete.

Alhamisi Kuu, 28 Machi

Limekata.

Nyuma hakuna kitu. Hata uzi. Nimepasafisha tena. Motor si ya moto sana, naigusa. Lakini linajaribu, tik, linajaribu, tik. Jana lilikuwa likifanya kazi vizuri kabisa. Kreti za soda za Pasaka zimeshashushwa dukani, zimejaa mpaka chini ya kitanda. Maziwa ya Mama Shija nimeyarudisha kabla hayajaharibika, angalau hilo.

Nimembeba Gasto tukaenda kanisani jioni. Padri anaosha watu miguu, mimi nawaza motor. Mungu anisamehe.

Nadhani nimeliua kweli. Kwa kulichosha siku zote zile.

Nimeanza kutenga nguo za Gasto za kwenda Msanzi. Kule baridi ya asubuhi ni kali. Nimetenga sweta, nikazirudisha. Sitengi kitu mpaka Shangazi aje.

Jumamosi Kuu, 30 Machi

Jana Ambokile alikuwa ibadani kwao kutwa, amekuja leo asubuhi. Mara hii sikupanga chumba. Sikufagia. Nilisimama nikamweleza yote kabla hajafungua mkoba: nepi, kanga, kuficha kwangu kila alipokuja, vumbi, na sasa linakata bila nepi. Uso ulikuwa unaniwaka.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakucheka, nikashangaa. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nilikuja mara mbili, na mara mbili ulimficha mgonjwa ukanionyesha ndugu yake?"

"Ndiyo, fundi."

"Basi mzee wenu hana kosa."

Hapo ndipo akacheka, na mimi.

Amepiga magoti nyuma. Amechomoa kidude kidogo cheusi kilichobanwa ubavuni mwa motor, kama kifuniko cha chupa. Amesema hiki ndicho kinachosema tik. Motor ikipata moto sana, chenyewe kinakata umeme ili isiungue. Kimekata na kukata na kukata mpaka kimechoka, sasa kinakata hata bila sababu. Motor yenyewe nzima. Hiki ndicho kimeiokoa.

Kwa hiyo si motor iliyokufa. Ni mlinzi wake aliyechoka. Nimemwambia hivyo, akasema mama Gasto, ungekuja tufanye kazi wote, lakini nepi utaacha nyumbani.

Kaenda stendi, karudi na kingine kutoka kwenye friji bovu. Kakichomeka. Limewaka bila kuhema. Sauti laini. Nilikuwa nimeshazoea ile ya kubeba gunia, sikujua friji hili lina sauti nyingine.

Tumepanga soda mimi na Deo mpaka friji likajaa. Nimegusa kila saa. Zimepoa chini kwanza. Sasa ninapoandika chupa zina umande.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Nimechoka vizuri.

Watu wameacha Kwaresima yao hapa kwangu mlangoni. Wametoka misa moja kwa moja. Watoto na magauni yao mapya, vijana wa bodaboda, mafundi wenzake Deo, wageni waliotoka Mbeya kuona ndugu. Baridi, baridi, baridi, wote baridi. Yule kijana aliyerudisha chupa siku ile kashika yake, kaiweka shavuni, kafumba macho. Alikunywa mbili.

Mama Shija kaleta maziwa na mtindi. Umekwisha kabla ya jua kuzama. Kamwekea Gasto kidole chenye mtindi mdomoni na sasa Gasto anamfuata kwa macho kama anamdai.

Deo kauza na mimi, mikono inagongana ndani ya friji.

Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili

Shangazi Yustina amekuja. Bodaboda kamshusha taratibu kama mayai. Amekuja na kikapu cha viazi na kuku mmoja. Shikamoo, marahaba, kambeba Gasto, kamtafuta sura ya nani, kasema ya marehemu mume wake. Gasto na marehemu hawana hata tone la damu moja. Hatukubisha.

Hakuliulizia friji. Amekaa kwenye kiti dukani, analitazama tu. Nilikuwa tayari nimechagua chupa, ya chini kabisa, ya baridi kuliko zote, nimeifuta kwa kitambaa safi. Nimepiga goti nikampa.

Kaishika, karudisha mkono haraka. "Aa, mwanangu. Meno haya. Nipe ya moto."

Sina ya moto. Za chini ya kitanda ziliisha jana, dukani hakuna soda hata moja ya moto. Deo kageukia ukutani, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Nimemwomba Shangazi anisubiri. Nimeweka chupa kwenye beseni la maji ya vuguvugu yaliyobaki ya kumwogeshea Gasto, nikaigeuza geuza hapo, yeye ananitazama na kumchezesha mtoto. Friji lilikuwa linanguruma nyuma yetu.

Kanywa polepole, nusu. Kisha kamwambia Deo apige simu Msanzi. Kaongea yeye mwenyewe na wifi yake, Kifipa chote, nilikuwa nasuuza vyombo nikisikiliza. Kasema maharage watu wa kuvuna wapo, Sikukuu ya Maria mtaletewa mtoto mumwone, siku chache tu, huyu mke ana kazi mjini. Kasema na panya wa kabatini mwake atawatafutia paka.

Deo amemsindikiza jioni mpaka alipopanda bodaboda. Amerudi, katundika kikapu kitupu alichotuachia Shangazi. Gasto amelala. Siandiki zaidi leo, mkono wangu unanuka maji ya mtoto na soda.